Mama wa Kwenye Rekoda

Kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye kiharusi kimempitia mdomoni, nakuomba kitu kimoja: usimmalizie maneno. Mwache ahangaike na neno lake mpaka alitoe. Akitaka chumvi akawa anasema "chu, chu", usimletee chungu, chupa na chujio kwa mpigo mmoja ukadhani umemsaidia. Kaa. Subiri. Chumvi haiendi popote. Mimi nilimaliziwa maneno miezi mizima na watu wanaonipenda, na nasema bila kificho kwamba kuna siku nilitamani kuwapiga mwiko, ila mkono wenyewe wa kushika mwiko ulikuwa umelala.

Nilipatwa wakati wa masika, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tukiwa shamba la kijiji tunapalilia maharage. Sikuwa mzee hata kidogo. Tumaini, binti yangu wa pekee, alikuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni njia ikiwa ndefu. Nilitaka kumwambia jirani yangu asogee anipishe kwenye tuta, maneno yakatoka yamevurugika kama uji uliotiwa maji mengi. Jirani akacheka, akidhani namtania. Nilipoinama kuokota jembe nikaenda chini pamoja nalo, na sikuinuka.

Wanaume walinishusha kwa machela mpaka barabarani. Anayeijua milima yetu wakati wa masika anaujua ule utelezi. Mmoja wao, mgosi mmoja mnene, ndivyo kwetu tunavyomwita mwanamume, aliteleza mara kwa mara, akawa anawaambia wenzake kwamba kiharusi kimeshindwa kuniua, sasa kazi hiyo wanaimalizia wao. Nilicheka kwa upande mmoja wa uso. Ule upande wa pili ulibaki umenuna peke yake, na nilipoupapasa niliona kama napapasa shavu la mtu mwingine.

Hospitali ya misheni tulikaa sana kwenye mabenchi. Siku za mwanzo nililazwa, lakini baadaye ilikuwa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na kila safari ni benchi. Kitu kilichonitesa kwenye benchi hakikuwa maumivu, kilikuwa mate. Yalinitoka upande uliolala bila mimi kujua, na watu walitazama pembeni kwa heshima, na heshima ile iliniumiza. Siku moja akaja kukaa karibu yangu mama mmoja wa Kiislamu kutoka mabondeni, Bi Mwanaidi, mwenye mjukuu anayekohoa. Hakuuliza kitu. Alichukua pindo la kanga yake akanifuta kidevu kama anavyomfuta mjukuu wake, huku akiendelea kunisimulia jinsi mvua ilivyomharibia kabichi. Kila nikiloa ananifuta, anaendelea na kabichi zake. Sijamwona tena maishani. Mungu ampe kheri popote alipo.

Muuguzi aliyenishughulikia alinipa kazi ya kupuliza mshumaa na kusema ba, be, bi, bo, bu. Mimi! Mke wa mtu, niliyekuwa nikisoma Biblia kanisani watu wakanyamaza mpaka nyuma kabisa, leo nakalishwa kitako naambiwa niseme ba. Na ba yenyewe haitoki. Mume wangu, Baba Tumaini, alikuwa akija siku za mapumziko ya kazi za kijiji, anakaa miguuni pa kitanda anasema ba pamoja nami ili nisione aibu. Wagonjwa wengine wakadhani tumelazwa wote wawili.

Tumaini alikuwa amepelekwa kwa bibi yake, mama mkwe wangu, kule Mgwashi. Ndivyo ilivyofaa. Mimi sikuweza hata kujifunga kanga. Lakini kila usiku niliposali, sala yangu ilikuwa fupi na yenye jina moja.

Kipupwe kilipoingia niliruhusiwa kukaa nyumbani. Mguu ulikuwa unavuta lakini unatembea, mkono unashika kitu chepesi, uso umerudi kiasi chake. Kilichobaki ni sauti. Maneno sasa yalikuwa yanatoka, ila polepole na kwa uzito, sauti nene, kila neno likiburuta lile linalofuata. Basi mama mkwe akamleta Tumaini.

Nilikaa mlangoni tangu ukungu haujaondoka. Mtoto huyu zamani alikuwa akiniona anatoka mbio ananirukia, mpaka nilikuwa nikimkemea atanivunja kiuno. Siku ile alikuja polepole ameshika gauni la bibi yake, akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa, akasema: "Shikamoo."

Alinisalimia vizuri kabisa, kama anavyofundishwa kumsalimia mama mgeni. Nikajitahidi kuitikia marahaba, na marahaba si neno dogo kwa ulimi uliolala. Nililianza, likanikwama katikati, likatoka mkoromo. Mtoto akakimbilia nyuma ya bibi. Akauliza, nami nasikia, mama yangu yuko wapi.

Sitaandika nililia kiasi gani.

Mama mkwe wangu hakuwa mtu mbaya, na naomba msomaji asimfanye mbaya. Alinipikia, akanichemshia maji ya kuoga, akanikanda mguu kwa mafuta ya moto. Lakini alikuwa mtu wa kusema jambo likiwa limeiva kichwani mwake. Alituambia mimi na Baba Tumaini kwamba mtoto akiishi na mama anayemwogopa atakuwa mtoto wa mashaka. Afadhali akakulie Mgwashi, aende shule huko, mimi niwe namtembelea. Angemrudisha sasa hivi, na kabla ya mvua za vuli angekuja naye mara ya mwisho. Kama bado mtoto ananikimbia, basi shauri limekwisha. Baba Tumaini alitazama moto.

Msaada ulitoka kwa mtu ambaye sikumtegemea, yaani shemeji yangu Yohana, mdogo wake mume wangu. Huyu alikuwa amekabidhiwa rekoda ya usharika wa kanisa letu, mashine ya magurudumu mawili ya mkanda yanayozunguka, ya kunasia kwaya. Aliibeba begani kila mahali hata alipokwenda kukata majani ya ng'ombe. Akanitania kwamba mimi shemeji yake zamani nilikuwa nasema sana mpaka nyuki wanahama, sasa Mungu amenipa breki. Kisha akasema, kwa nini tusinase hadithi, apelekewe mtoto kule Mgwashi, aizoee sauti yako akiwa mbali, bila kukutazama?

Nikakubali. Tukakaa sebuleni siku moja ya baridi kali, ukungu umeingia mpaka ndani, nikasimulia hadithi niliyokuwa nikimsimulia Tumaini tangu ananyonya: ya Kinyonga aliyealikwa karamu kwa mfalme kule Vuga. Katika hadithi hiyo Kinyonga anatembea hatua moja, anasita, anabadili nguo. Hatua nyingine, anasita, anabadili nguo. Nilihangaika nayo mpaka jasho likanitoka kwenye baridi ile. Yohana hakuisikiliza palepale, maana betri zilikuwa zimechoka. Kwaya ilikuwa imezimaliza, na duka la ushirika halikuwa na betri tangu zamani. Akafanya tunavyofanya sote: akazitoa, akasubiri jua litoke, akazianika kwenye ungo pamoja na mahindi, akawa anazigeuza zishike jua pande zote.

Alipozirudisha zikiwa za moto na kuwasha rekoda, Baba Tumaini aliinuka kwenye kigoda.

Ilikuwa sauti yangu. Si hii. Ile. Nyepesi, ya haraka, inayopanda mwishoni mwa sentensi. Tulikodoa macho watatu. Baba Tumaini alitoka nje akasema anakwenda kumwona mbuzi, na mbuzi alikuwa amefungwa palepale dirishani, hana shida yoyote.

Yohana ndiye aliyeng'amua. Tulinasa betri zikiwa zimechoka, kwa hiyo mkanda ulikuwa unatembea kwa kujikokota. Sasa betri zimepata nguvu, mkanda unakimbia, na sauti inakimbizwa nayo. Kumbe ugonjwa ulinipunguzia mwendo, na jua likanirudishia.

Lakini furaha haikudumu, kwa sababu tulipoisikiliza tena tuligundua kwamba ni sauti yangu, ila maneno hayasikiki. Yalikuwa yameshikana. Kilichokuwa kinaburutana polepole sasa kilikuwa kinasukumana mbio. Mtoto angesikia mama yake anasema, asielewe anasema nini, na hiyo ni mbaya kuliko kutosikia kabisa. Yohana akasema tuijaribu kwa ile swichi ya mwendo mkali kabisa. Nikawa kifaranga. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, mara ya kwanza tangu masika.

Basi kipupwe kile chote tukakigeuza shule. Nikwambie tulichojifunza, huenda kikakufaa hata kama huna rekoda. Ukitaka maneno yako yabaki safi yanapokimbizwa, usijaribu kuyakimbiza wewe. Sema kwa sauti ya chini, ya kifuani, maana ikikimbizwa itapanda yenyewe. Ukianza juu utamaliza kama panya. Kila silabi ipe haki yake, hasa ile ya mwisho, ambayo mgonjwa huimeza kwa uchovu. Kati ya neno na neno acha nafasi, hata ukiona ni kubwa ya kijinga, mkanda utaipunguza. Maneno yenye sha na sa yatamke mdomo umegeukia pembeni kidogo, la sivyo rekoda inapiga mluzi. Usinong'one. Kaa mbali na moto, kwa sababu kuni zikipasuka zinameza maneno mawili matatu. Na ulimi ukichoka, acha, kunywa maji ya uvuguvugu, nenda ukamwage majivu, rudi.

Ba, be, bi, bo, bu nazo nilizirudia kwa heshima mpya. Yohana alitunza betri katika makopo mawili, kopo la wazee na kopo la vijana. Wazee wa kunasia, vijana wa kusikilizia. Nilinasa hadithi ile, tukaisikiliza, tukaifuta, nikanasa tena. Wakati mwingine nilimwambia aondoke na dubwana lake nisimwone. Alikuwa anaondoka bila kununa, na kesho yake anabisha hodi.

Siku tulipoipata, tulijua. Kila neno limesimama peke yake, na sauti ni ile. Yohana akapanda nayo Mgwashi.

Alirudi akatuambia kwamba Tumaini alisikiliza, halafu akaikumbatia rekoda. Kila neno alilifuata kwa midomo. Hadithi ilipokwisha akasema mama arudie tena. Mama. Nilimwomba Yohana alirudie hilo neno alilosema mtoto, akalirudia bila kunitania.

Kabla ya vuli mama mkwe akaja naye, kama alivyosema, wakae kwetu siku kadhaa kisha tuamue. Nilidhani kazi imekwisha. Lo! Mtoto aliingia, akanipa shikamoo yake ya adabu kutoka mbali, akaenda moja kwa moja kukaa na rekoda. Alikula karibu nayo. Aliifunika kanga kukiwa na baridi. Nilipomwambia, kwa sauti yangu, kwamba yule anayesema humo ni mimi, alinitazama kwa huruma na kusogea upande wa pili wa mashine.

Msomaji, niliona wivu. Nilimwonea wivu mwanamke ambaye ni mimi. Yule wa kwenye rekoda hakuwa anafua nguo za mtoto kwa mkono mmoja, wala hakuwa anamenya viazi akimwaga nusu, lakini ndiye aliyekuwa anapendwa. Mama mkwe aliona yote. Kikapu cha nguo za Tumaini kilibaki kimefungwa karibu na mlango, hakikufunguliwa tangu walipofika.

Halafu hali ya hewa ikatuingilia. Mawingu yakakaa juu ya mlima siku baada ya siku, jua likawa hadithi. Betri haziwezi kuanikwa kwenye wingu. Tumaini, ambaye Yohana alikuwa amempa kazi ya kuzigeuza kwenye ungo, alitoka kila asubuhi kutazama angani, akarudi amenuna. Na jioni, alipowashiwa rekoda, sauti ilikuwa imeshuka kidogo. Kesho yake kidogo tena. Baba Tumaini akasema atashuka Lushoto mjini kutafuta betri mpya, hata kama ni za kuomba kwa mtu. Akavaa koti kabisa.

Nilimshika mkono. Ilinichukua muda kulisema, naye hakunimalizia, namshukuru kwa hilo mpaka leo.

"Usiende," nilimwambia. "Ziache zichoke."

Alinitazama, akaelewa, akavua koti. Niliogopa sana. Nilijua kwamba mashine ikizimika mtoto anaweza kudhani mama yake amekufa, na mimi ndiye niliyekataa betri. Lakini nilikuwa nimesikia kitu jioni iliyopita. Mkanda ulikuwa unarudi kwenye mwendo ule ule tulionasia. Sauti ya kwenye rekoda ilikuwa inanijia, hatua moja, inasita, hatua nyingine, kama Kinyonga wetu. Na Tumaini alikuwa anaendelea kuisikiliza.

Alasiri moja nilikuwa jikoni nimekaa kwenye kigoda namenya viazi. Mama mkwe yuko nje chini ya mchirizi anachambua maharage. Tumaini ametoka kumsaidia, sasa amekaa mlangoni pa jiko na rekoda yake, na humo ndani nasikia najisimulia kwa sauti yangu hii hii, nene, nzito, lakini kila neno limesimama. Kinyonga amefika kona ya mwisho kabla ya nyumba ya mfalme. Amebaki na nguo moja tu ya kubadili. Sauti ikazama, ikazama zaidi, ikawa mkoromo, na mkanda ukasimama.

Mtoto akapiga rekoda kofi dogo. Akaipuliza. Akaanza kukunja uso, na ninaujua uso ule, unatangulia kilio.

Sikuinua macho kutoka kwenye viazi. Nilisema, kwa sauti ya chini, ya kifuani, kila silabi na haki yake: "Kinyonga akasita. Akajitazama. Akasema, nguo zote nimevaa za watu. Kwa mfalme nitaingia na rangi yangu."

Tumaini aliitazama rekoda. Akanitazama mimi. Akaitazama tena rekoda, magurudumu yake hayazunguki. Nikaendelea kumenya na kusema. Sikusita hata nilipomsikia anainuka. Akaja mpaka mbele yangu, akaweka kiganja shingoni mwangu mahali sauti inapotikisika, akakaa hivyo mpaka Kinyonga akaingia, akala karamu, akapewa kiti karibu na mfalme. Mkono wake ulinukia maharage mabichi. Nje, maharage ya mama mkwe yalikuwa yameacha kudondoka kwenye ungo.

Hakunirukia, wala hakulia. Alinikagua usoni, ule upande unaocheka na ule unaonuna, kisha akatoa hukumu yake.

"Mama," akasema, "kumbe betri zako zimekwisha."

Nilimwambia ndiyo, mwanangu, zimekwisha.

Asubuhi iliyofuata mlima ulifunguka, jua likatoka kavu kabisa. Nilisikia mkono mdogo unanivuta kitandani. Tumaini alikuwa amekwishatandika gunia uani, karibu na ungo wenye betri za Yohana, akaniamuru nikae. Nilipotaka kumuuliza jambo akaniwekea kidole mdomoni. Betri zikianikwa hazisemi. Nikakaa kimya, jua likanipiga upande ule uliolala. Kupitia mlangoni nilimwona mama mkwe wangu amepiga magoti kwenye kikapu, anafungua fundo, anatoa magauni ya mtoto moja moja anayatundika ukutani. Ningemshukuru, ila sikuwa na ruhusa ya kusema.

Baada ya kitambo Tumaini akachuchumaa mbele yangu.

"Haya, jaribu."

Nikasema jina lake. Lilitoka polepole, zito, lakini zima, mpaka silabi ya mwisho. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyozoea kuisikiliza rekoda.

"Bado kidogo, mama," akasema, akanishika mabega kwa mikono yake miwili, akanigeuza upande wa pili.